Kitabu Kizuri Sana, Daktari

Kitabu chenyewe hakibebeki. Tuanzie hapo, maana asiyeujua uzito wake hatamwelewa Mwanahalima, atamwona mwanamke mkorofi tu. Ni kitabu cha fedha za makampuni, cha watu wanaosomea shahada ya pili, jalada la buluu, unene wa tofali la kuchoma, maandishi madogo kama mayai ya chawa. Siku ya kwanza alipopanda nacho bodaboda pale Mlandizi, dereva aligeuka akautazama mfuko, akauliza, "Dada, na huyu wa pili anashukia wapi?" Na siku alipokiangusha sokoni karibu na matenga, kuku wa Mlandizi waligoma kutaga mpaka Ijumaa. Anayebisha akawaulize kuku.

Mwanahalima ni mtoto wa Janga. Baba yake alilima mpunga na mihogo, mama yake aliuza maandazi, na yeye alianza kwa kupima pumba kwa kopo kwenye ghala la chakula cha kuku. Kopo likamchosha, akasoma stashahada kwa kuibia muda. Akasoma digrii huku ananyonyesha, kitabu mkono huu, mtoto mkono ule, na watu wanaapa kwamba yule mtoto neno lake la kwanza lilikuwa "asilimia". Sasa yeye ndiye meneja wa ghala lote: pumba, mashudu, dagaa wa kusaga, na vifaranga wanaopiga kelele kutwa. Alipojiandikisha kusoma tena, Jumamosi kwa Jumamosi, kwenye chuo kimoja pale Kibaha, mumewe Seif alimuuliza, "Mama Zai, hivi utasoma mpaka lini?"

"Mpaka masomo yaniombe radhi," akamjibu.

Seif akaenda kubandika chai. Ni mtu mwenye akili.

Darasani walimchagua awe kiongozi wao. Si kwa mapenzi. Walimchagua kwa sababu ana sauti, na kila mmoja alikuwa na jambo la kusema ambalo hakutaka lisemwe kwa sauti yake mwenyewe. Hilo Mwanahalima alilijua baadaye, alipokuwa ameshaungua.

Mwalimu wa fedha alikuwa Daktari Abdulkadiri Kitwana, Mzaramo wa Kisarawe, mzee wa mvi, suti ya kijivu na tasbihi mfukoni. Hapazi sauti. Akiingia, darasa zima la watu wazima wenye watoto wao na vyeo vyao linasimama kama watoto wa chekechea. "Shikamoo, Daktari!" Naye, "Marahaba. Kaeni. Fungueni kitabu." Basi hapo kitabu kinafunguliwa, na watu wanafungika. Daktari anasoma, anaeleza yaliyoandikwa kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa, halafu anauliza, "Mmeelewa?" Wote, "Tumeelewa, Daktari!" Kwa sauti hiyo ungedhani wameelewa mpaka na sura ambazo hazijaandikwa.

Maoni yao ya kweli yalikuwa nje, kwa mama wa chai nyuma ya madarasa. Huko, jamani, kitabu kilichunwa ngozi.

"Kinanichosha mimi!" Saida alianza siku moja, chapati mdomoni. Saida ni mwalimu wa sekondari, hapendi kuelezwa vibaya. "Jambo jepesi kinalieleza kurasa nne. Likifika jambo zito kinasema, 'ni dhahiri kwamba.' Dhahiri kwa nani? Kwa aliyekiandika?"

"We una afadhali," akasema Godbless, ambaye kazi yake ni kukopesha watu pale Kibaha. "Mimi nashinda na mikopo kutwa. Nimesoma sura ya mikopo, nimetoka sijui mkopo ni mnyama gani. Mteja kaniuliza habari ya riba, nikamwambia aje kesho."

"Na ile theluji?"

"Usiitaje theluji!"

Maana kila mfano kitabuni ulikuwa wa kampuni moja inayotengeneza mashine za kuzoa theluji, nayo tangu sura ya kwanza inajiuliza ijenge kiwanda kipya au isijenge, ikope au iuze hisa, haijakata shauri mpaka leo. "Mimi theluji nimeiona kwenye friji tu," alisema Saida, "na nilikwangua kwa kijiko, wala sikujenga kiwanda." Majibu nyuma ya kitabu nayo yalikuwa ya maswali ya witiri peke yake. Ya shufwa utajua na Mungu wako.

Shija alikuwa ameketi pembeni na chai yake. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia Ruvu na ng'ombe wao, na yeye kazi yake ni kuchanja mifugo. Akamaliza chai, akageuza kikombe, akasema, "Ng'ombe wa kwetu ukitaka kumkamua bila ndama wake, anabana maziwa. Si kwamba hana. Anayo. Lakini mlete ndama kwanza, aguse, ndipo yatashuka. Kitabu hiki wametuletea bila ndama."

Watu wakacheka. Mwanahalima hakucheka, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akiona. Sura ya thamani ya fedha ya leo na ya kesho ilimkalia kichwa chini miguu juu mwezi mzima, mpaka siku aliyokuwa ghalani akijiuliza vifaranga awauze sasa au awalee kwanza wakue. Palepale ile sura ikamfungukia kama mlango. Kumbe maziwa yamo! Ndiyo maana alikasirika zaidi. Angekuwa na kitabu kibaya tu, angekisahau akalala.

Basi chuo kikawataka walimu wote wakusanye maoni ya wanafunzi juu ya vitabu vyao. Darasa likamsukumia Mwanahalima. "Kayaseme yote, kiongozi. Usibakize. Ila jina langu usilitaje." Saida, usilitaje. Godbless, usilitaje. Kwenye kundi la simu hakuna aliyethubutu kuandika hata neno, maana Daktari mwenyewe yumo humo, kila asubuhi anawatumia dua.

Akaenda ofisini kwa Daktari, akashika adabu, akaketi, akayasema yote: dhahiri, theluji, witiri, ndama. Daktari alisikiliza, vidole juu ya tasbihi. Mwishoni akasema, "Ahsante, mwanangu. Nitalisema darasani."

Jumamosi akalisema darasani. Akaweka kitabu mezani, meza ikaguna. "Nimeambiwa kitabu hiki kinawatesa. Sitaki mniogope. Saida, unakionaje?"

Saida akasimama, akauweka mtandio vizuri. "Kitabu kizuri sana, Daktari. Kimenifungua macho."

Mwanahalima akageuka na kiti chake chote.

"Godbless?"

"Kizuri sana, Daktari. Mimi nalala nacho."

"Shija?"

Shija akatazama vidole vya miguu yake. "Kizuri, Mzee."

Ikapita hivyohivyo, mstari kwa mstari, kizuri sana, kizuri sana, kama watu wanaosifia ubwabwa wa harusi. Hata yule aliyefungia chumvi kwenye karatasi za sura ya mwisho alisema kizuri. Mwanahalima akajikuta amesimama katikati, peke yake, anatafuta pa kuweka mikono.

"Kila mwaka nauliza," Daktari akasema polepole, na sasa sauti yake ilikuwa na kidonda ndani. "Kitabu hiki nilikibeba mgongoni kutoka masomoni ng'ambo, nikaacha nguo ili kiingie. Kila mwaka nauliza, kila mwaka wananiambia kizuri. Wewe peke yako ndiye uliyeniletea haya, na umesema ni ya wenzako. Wenzako ndio hawa. Mwanahalima, niletee mtu mmoja, mmoja tu, aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Nakupa mpaka Jumamosi ijayo. Ukimkosa, nakupeleka kwenye kamati ya nidhamu kwa kuwasingizia watu."

Na kamati ile watu hawaiingii wakatoka wakiwa bado wanafunzi. Kila mtu alijua.

Wiki hiyo Mwanahalima alikonda mpaka vifaranga wakamwonea huruma. Alimfuata Saida shuleni kwake. "Halima mwenzangu," Saida akasema, "yule mzee ni umri wa baba yangu. Nitamwambia kitabu chake kibaya kwa mdomo gani?"

"Kwa huohuo uliokuwa unatafunia chapati!"

Alimfuata Godbless kazini. Godbless alimwona dirishani, akaingia chooni, akakaa humo mpaka wafanyakazi wenzake wakadhani amehamia. Alipanda bodaboda mpaka Ruvu, akamkuta Shija katikati ya ng'ombe, sindano mkononi.

"Shija kaka yangu, wewe hata uongo hujui. Sema neno moja. Ndama. Basi."

"Dada, kwetu mzee akikuuliza, kijana anatazama chini."

"Sasa mimi nitazame wapi? Mmenituma wote! Mmeninyonya maneno kama kupe, halafu mmejiachia!"

Ng'ombe mmoja akalia mbuu. Ndiye peke yake aliyemjibu siku ile.

Nyumbani alikitupa kitabu chini, na Seif anasema nyumba ilihama kidogo upande wa kibla. "Yaani mimi," Mwanahalima alilia, "nifukuzwe chuo kwa kusema kweli ya watu waoga!" Akakiokota, akakipangusa. Kilikuwa na alama za kalamu yake mpaka katikati. Ndicho kilichomuuma.

Ijumaa ikaja habari: shangazi yake Daktari, Bi Kudra, amefariki kwao Kisarawe, na ameshazikwa. Darasa la Jumamosi hakuna. Watu wakapumua, halafu wakaona aibu kupumua, wakakubaliana siku hiyo waende wote kuhani msiba. Wakakodi kosta, wakakata kwa njia ya Kiluvya, na njia nzima Mwanahalima hakumsemesha mtu. Saida alimpa karanga, akazipokea, akazila, hakusema ahsante.

Msibani wanawake walikuwa ndani na barazani, wanaume wamekaa kwenye majamvi uani. Daktari alikuwa kwenye kanzu nyeupe, amechoka. Akawapokea mmoja mmoja. Alipofika kwa Mwanahalima akasema, "Ahsanteni kuja. Lile letu nalo halijalala." Mwanahalima akajibu, "Poleni, Daktari," akaenda kukaa na wanawake.

Chakula kilipoliwa, bibi mmoja akainuka barazani. Ndiye Bi Zuwena, mdogo wake marehemu, mwembamba, jicho kali. "Huu nao msiba gani?" akasema kwa sauti ya kusikika uani kote. "Watu wamekaa kama wamesusiwa! Watani wetu wako wapi? Dada yangu anaagwa kimyakimya kama mdoezi?"

Godbless, ambaye siku zote mkono wake ni mwepesi kumnyooshea mwingine, akanyoosha kidole. "Bibi, huyu hapa ni Msukuma."

"Alaa!" Uwanja ukaamka. Maana Mzaramo na Msukuma ni watani toka enzi za misafara, na mtani msibani ana kazi yake. Aigize marehemu, achekeshe wafiwa, aseme lisilosemeka, na atakayenuna ndiye mwenye kosa. Shija alitaka kurudi kwenye kosta. Akachelewa. Akina mama walishamrushia kanga ya marehemu na mkongojo wake.

"Mimi sikumjua bibi," Shija akasema, jasho linamtoka.

"Ulizia!"

"Alikuwaje?"

"Mkali!" akajibu mmoja. "Kila kitu anataka afafanuliwe!" akajibu mwingine. "Na Abdu alimlea yeye," akasema Bi Zuwena, "akikosea anamchapa mbele za watu."

Shija akajifunga kanga. Akakunja mgongo. Sasa jamani, mtu ambaye hamjui marehemu wala wajukuu zake wala ugomvi wa mji ule atasema nini? Alikuwa na jambo moja tu la kumgombeza yule mpwa, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni mwaka mzima. Akaenda akitetemesha mkongojo, mpaka mbele ya Daktari.

"Abduu!" Sauti ikatoka nyembamba kama ya bibi kweli, mpaka wanawake wawili wakashika vifua. "Abdu wee! Nimefika huko ninakokwenda, nikaulizwa, mpwa wako anafundisha nini? Nikasema, fedha. Wakasema, tufafanulie. Nikafungua kitabu chako, Abdu. Nikakuta theluji! Mimi Kudra wa Kisarawe nimelima mihogo miaka yote, theluji naipanda mwezi gani?"

Uwanja ukalipuka. Mzee mmoja akaangusha kofia.

"Nikasoma tena. Kikaniambia, 'ni dhahiri.' Dhahiri, Abdu, na mimi macho yana mtoto wa jicho? Umewakalisha watoto wa watu Jumamosi hadi Jumamosi, unawakamulia ng'ombe bila ndama! Wanabanwa, hawasemi, wanakuogopa! Mlete ndama, Abdu! Unataka nikuchape hata nikiwa kaburini?"

Kutoka barazani Saida akapaza, kanga imemfunika uso, "Na majibu ya shufwa, Bi Kudra!"

"Na majibu ya shufwa umeyaficha wapi?"

"Na sura ya mikopo, bibi!" Hiyo ilikuwa sauti ya Godbless, nyuma ya mti wa mfenesi. Hapo ndipo kila aliyesema kizuri sana alipotoa lake, wamejificha nyuma ya kanga ya maiti, wanacheka mpaka wanalia, na wafiwa wanalia mpaka wanacheka. Mwanahalima peke yake hakucheka. Aliuma ncha ya mtandio wake. Wiki nzima amewabembeleza walio hai, kumbe walikuwa wanasubiri mtu afe!

Daktari alikuwa hatikisiki. Bi Zuwena akamwendea, akampiga bega. "Mtani hanuniwi, Abdu. Na hao watoto wa watu kwani wamekukosea nini hata uwapige na kitabu?"

Walipoaga, Mwanahalima akamsogelea. "Daktari, ulitaka mtu mmoja."

"Yule alikuwa shangazi yangu," Daktari akasema, bila kumtazama. "Maneno ya utani hayapelekwi popote. Jumamosi ijayo nitauliza tena, darasani."

Mwe! Mwanahalima aliingia kwenye kosta akakaa karibu na dereva, ili asiwe karibu na mtu mwingine yeyote.

Jumamosi ikafika. "Shikamoo, Daktari!" "Marahaba. Kaeni." Kitabu mezani. Hata feni ilikuwa inazunguka kwa adabu.

"Kitabu mnakionaje?"

Saida akauweka mtandio sawa. "Kizuri sana, Daktari."

"Kizuri sana, Daktari," Godbless akasema.

Mwanahalima hakusubiri zamu ifike kwa Shija. Akafunga zipu ya mkoba wake, akasimama, akaanza kwenda mlangoni. Kamati anaijua ilipo. Afadhali aende kwa miguu yake.

"Rudi ukae," Daktari akasema.

Akawatazama wote kwa muda mrefu, mmoja mmoja, kama mtu anayeiona nyumba yake kwa mara ya kwanza. Akavua koti. Hakuna aliyewahi kumwona Daktari bila koti, na aliyekaa mbele kabisa anasema aliinamisha macho kwa heshima. Akatoka nyuma ya meza, akaenda mpaka kwa Shija, akashika kiuno.

"Wewe Msukuma. Hiyo michembe, viazi vyenu vya kukausha, imejaa mfukoni umemletea nani?"

Shija alikuwa ametazama chini. Polepole akainua uso, na uso ulikuwa mwingine kabisa.

"Nimemletea Mzaramo mmoja," akasema, "kauza shamba kacheza ngoma, sasa anazunguka na njaa."

"Njaa yangu haikuhusu, mchunga kupe. Kitabu changu je?"

"Hakina ndama, mtani. Maziwa yamo, lakini hayashuki."

"Hayo ni yako, au ni ya Mwanahalima?"

"Ni yangu. Nilimtuma mimi. Na hawa wote walimtuma, wanakudanganya kwa sababu wanakuheshimu."

Daktari akashusha mikono kiunoni. Akarudi mbele, akakifungua kitabu, akakifunga. "Miaka yote hiyo," akasema, kama anajisemea. Halafu akageuka. "Mwanahalima. Kule ghalani kwako mna vifaranga?"

"Wapo, Daktari."

"Ukiwauza leo, au ukiwalea wakue, utajuaje lipi lina faida?"

"Najua, Daktari. Ni ile sura ya pili, ya fedha ya leo na ya kesho."

"Njoo ubaoni na vifaranga wako. Hao wa theluji tuwaache hukohuko kwao, wajenge wasijenge."

Akaenda. Akachukua chaki. Kabla hajaandika, akauliza kwa sauti ndogo, "Na kamati, Daktari?"

"Kamati gani?"

Basi akaandika. Akaandika pumba, akaandika mashudu, akaandika vifaranga wanaokufa njiani na wale wanaofika, na Daktari akawa anaongeza, anauliza, anapanga, mpaka ubao ukajaa na maziwa yakaanza kushuka. Kuna wanaosema hata mama wa chai kule nje alielewa.

Mwishoni Daktari akajifuta chaki. "Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Daktari!"

Mwanahalima akatupa jicho kwenye daftari la Godbless. Jeupe kama kanzu, halina hata tarehe. Safari hii hakusimama yeye. Akageuka kwa Shija.

"Mtani," akasema, "hebu mwambie Daktari."